Vipele vya ndevu visivyoisha shingoni: jibu kwa mlinzi wa Mwanza

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Mwanza. Kazini tunatakiwa kunyoa ndevu kila siku, msimamizi akiona kivuli tu cha ndevu anakurudisha nyumbani. Nanyoa kwa wembe wa kutupa wenye makali mawili, nikimaliza napaka spiriti. Tangu nianze kazi hii shingo na chini ya taya vimejaa vipele vinavyowasha, vingine vina usaha, na vikipona vinaacha madoa meusi. Duka la dawa walinipa tyubu ya betamethasoni. Nikipaka vinatulia, nikiacha vinarudi vikali kuliko mwanzo. Kinyozi wangu ananishauri nitumie unga wa kunyolea, ule wa Magic. Je, ni salama? Nifanyeje? Mke wangu naye hutokwa na vipele makwapani akishanyoa, ni ugonjwa mmoja?

Jibu:

Marahaba ndugu yangu. La mke wako nitalifikia mwishoni, ila kwa kifupi ndiyo, chanzo ni kilekile. Kuhusu wewe, hujaambukizwa na mtu, huna damu chafu, na hakuna dawa ya kupaka itakayokuponya maadamu kesho asubuhi utanyoa kama ulivyonyoa leo. Dawa zipo na nitazitaja, lakini kinachotibu hasa ni urefu wa ndevu unaobakiza baada ya kunyoa.

Ndevu zako zimejikunja, na hata tundu la nywele ndani ya ngozi limepinda, kwa hiyo nywele inatoka ikiwa imeshaanza kugeuka. Wembe unaikata mshazari na kuiachia ncha kali. Kuanzia hapo balaa linakuja kwa njia mbili. Ya kwanza, nywele inatoka nje, inakua milimita mbili hivi, inajipinda na kuichoma ngozi hapo jirani na ilipotokea. Ya pili ndiyo ya wembe wako wa makali mawili: kali la kwanza linaivuta nywele juu, la pili linaikata, kisha kisiki kinarudi chini ya usawa wa ngozi. Kikianza kukua tena hakitoki nje, kinatoboa ukuta wa tundu lake humohumo ndani. Mwili unaichukulia nywele iliyoingia pasipo pake kama mwiba, unaipiga vita, na matokeo yake ni uvimbe, muwasho na usaha. Usaha huo mara nyingi hauna maambukizi makubwa. Ndiyo maana spiriti haikusaidii: inaunguza ngozi ya juu iliyokwisha kuchubuka, na nywele iliyozama haifikii.

Kabla ya lolote, hakikisha unachoumwa ni vipele hivi vya kunyoa. Mwombe mke wako akupige picha ya karibu ya shingo kwa simu, tochi ikiwa imewaka, kisha ivute iwe kubwa. Kwenye vipele kadhaa utaona uzi mweusi uliopinda, ncha zote mbili zimezama kwenye ngozi, au mstari mfupi mweusi uliolala chini ya ngozi nyembamba. Tazama na mahali. Vipele vya kunyoa hupenda shingo, chini ya taya na kidevu, na kwa kawaida huliacha eneo la sharubu. Ukiona mabaka ya duara yenye magamba pembeni, au ndevu zinang'oka zenyewe ukizigusa, hiyo huenda ni fangasi ya ndevu, na betamethasoni inailisha badala ya kuiua. Ukiona pia vipele vyeusi na vyeupe vya mafuta kwenye paji la uso na mashavu ya juu, una chunusi za kawaida juu ya hili. Vyote viwili vinahitaji mtu akuangalie kwa macho.

Hiyo tyubu

Betamethasoni ni steroidi yenye nguvu. Inazima vita ya mwili ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo unaona umepona, huku nywele bado zimezama. Ukiacha, vita inaanza upya, na safari hii ngozi imeshakuwa nyembamba. Ukiendelea kwa miezi, usoni na shingoni hutokea mishipa midogo myekundu, chunusi za steroidi, ngozi inayochubuka kwa kuguswa, na mabaka yaliyopauka. Tyubu nyingi zinazouzwa kwetu zimechanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, na muuzaji anaitoa kwa kila kinachowasha kwa sababu karibu kila kitu kinatulia kwa muda. Geuza boksi usome. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, hiyo si ya usoni.

Kama umeitumia chini ya wiki mbili, iache leo. Kama ni miezi, usiikate ghafla bila mpango: badilisha uende kwenye haidrokotisoni asilimia 1, steroidi iliyo dhaifu zaidi, mara mbili kwa siku kwa siku 5 hadi 7, kisha mara moja kwa siku kwa siku nyingine chache, halafu acha. Tarajia wiki moja au mbili za ngozi kuwaka na kuwasha. Wengi hurudia tyubu hapo, na mzunguko unaanza upya.

Wiki nne bila wembe

Hatua ya kwanza ni kuacha wembe kabisa kwa wiki 4, usiguse hata kona za kidevu. Najua msimamizi wako atasema nini, hilo tutalifikia. Kama una likizo, hii ndiyo kazi yake. Wiki ya kwanza vipele vinaweza kuongezeka, kwa sababu nywele zilizokatwa chini zinakua na kuchoma. Usiogope. Kadiri nywele inavyorefuka inapata nguvu ya kujinyoosha, na ikikaribia sentimita moja nyingi hujichomoa zenyewe. Kwa hiyo anayeacha siku nne kisha akanyoa amepata hasara zote mbili: amekaa na ndevu zilizofikia urefu mbaya kuliko wote, halafu amezirudisha chini.

Katika wiki hizo fanya hivi. Asubuhi na jioni, na mchana ukiwa nyumbani, loweka kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue, kiweke shingoni kwa dakika 10. Ngozi inalainika na nywele zilizo juujuu zinaanza kuonekana. Kabla ya kulala, chukua mswaki laini uliotengwa kwa kazi hii tu, uloweshe, uzungushe taratibu kwenye eneo la vipele kwa nusu dakika. Unataka kuziinua nywele, hutaki kusugua hadi ngozi iwe nyekundu.

Nywele ambazo kitanzi chake unakiona wazi unaweza kuzitoa. Nunua sindano mpya ya hospitali kwenye duka la dawa, ni ya bei ndogo na imefungwa ikiwa safi. Nawa mikono, weka kitambaa cha uvuguvugu, pangusa eneo kwa spiriti mara moja (hapo spiriti ina kazi yake), kaa mbele ya kioo kwenye mwanga wa dirisha. Pitisha ubavu wa ncha ya sindano chini ya kitanzi, sambamba na ngozi, uinue mpaka ncha iliyozama itoke. Ikishatoka iache ilivyo. Usiing'oe kwa kibano, hata kama mkono unawasha kufanya hivyo, kwa sababu nywele iliyong'olewa huota upya kutoka chini na ncha mpya huweza kutoboa tundu kabla haijafika juu. Kama huoni kitanzi, usichimbe. Kipele kilichochimbwa kwa kucha ndicho kinachoacha doa la miezi sita, na kwa wenye ngozi ya kufanya keloidi kinaweza kuacha uvimbe mgumu wa kudumu.

Dawa, na mpangilio wake

Kosa la kawaida ni kununua kila kitu na kupaka vyote usiku mmoja. Ngozi nyeusi ikiunguzwa na dawa inalipa kwa doa jeusi, kwa hiyo pole pole hapa si maneno ya kujifariji.

Anza na benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 kama utaipata, au 5. Inapunguza vijidudu na uvimbe. Osha uso na shingo kwa sabuni isiyo kali, kausha, paka kiasi cha punje moja ya njegere kwa shingo na taya zote, tabaka jembamba, mara moja kwa siku. Siku tatu za mwanzo iache dakika 10 kisha ioshe; ukiona ngozi imevumilia, iache ikae. Angalizo kwa mtu wa sare: dawa hii inachujua rangi ya nguo. Kola ya shati la bluu itageuka ya machungwa, na taulo na foronya vilevile. Paka jioni ukiwa na fulana nyeupe, au isubiri ikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Baada ya wiki mbili, kama ngozi haichubuki, ongeza adapalini asilimia 0.1 usiku, na benzoili uihamishie asubuhi. Adapalini hupunguza seli zinazoziba mdomo wa tundu la nywele, hivyo nywele inapata njia. Subiri dakika 20 baada ya kunawa ngozi ikauke vizuri, paka punje ya njegere, kila baada ya usiku mbili kwa wiki mbili, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Matokeo huonekana wiki ya 8 hadi ya 12, si wiki ya kwanza. Usipoipata, asidi ya glikoliki ya asilimia 8 hivi au asidi ya salisiliki asilimia 2 zinafanya kazi inayokaribiana. Chagua moja tu kati ya hizo.

Vikiwa na usaha mwingi, daktari anaweza kukuandikia klindamaisini ya kupaka ya asilimia 1, itumike pamoja na benzoili ili vijidudu visizoee dawa, au vidonge vya doksisaiklini. Hivyo ni vya kuandikiwa. Ule mtindo wa kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya vipele hauna faida yoyote: kiasi hakijulikani, na ngozi inaweza kupata aleji ya dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli.

Ndimu iache jikoni. Maji ya ndimu kwenye ngozi, kisha jua la mchana, yanaweza kuunguza hadi malengelenge na kuacha weusi uliozidi ule uliotaka kuufuta. Dawa ya meno nayo inakausha na kuwasha tu.

Unavyonyoa baada ya hapo

Wiki nne zikiisha vipele vikiwa vimetulia, una njia tatu. Ninazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni mashine. Ndevu za milimita 1 hazijipindi kiasi cha kuchoma ngozi, na mtu aliyesimama mbele yako kwa hatua mbili anaona uso uliokatwa vizuri. Kwenye mashine nyingi za saluni kichana cha nusu kinaacha milimita 1.5 na namba 1 inaacha 3. Kwa wewe mwenye sheria ya kazini, nunua mashine ndogo ya kuchongea ndevu inayopangika hadi milimita 0.5 au 1, na uipitishe kila siku au kila baada ya siku moja. Usiibane kwenye ngozi, iache ielee. Usivute ngozi kwa mkono mwingine. Ogopa mashine zilizorekebishwa meno yake yakalingana, zile ambazo vinyozi huzisifu kwa kunyoa "chini kabisa". Zinakata karibu sawa na wembe na zinaleta matatizo yaleyale ya wembe.

Ya pili ni unga ulioshauriwa, na hapa kinyozi wako hakukosea sana. Unga wa aina hiyo una kemikali inayovunja viungo vya protini ya nywele, kwa kawaida bariamu salfaidi au kalsiamu thioglikoleti. Nywele inayeyuka badala ya kukatwa, na kisiki kinachobaki ni laini, hakina ncha ya mkuki. Wanaume wengi wenye tatizo lako hupata nafuu kubwa. Ila kemikali haichagui, protini ya ngozi nayo inaguswa, kwa hiyo tofauti ya kupona na kuungua ni dakika mbili tatu.

Usiutumie mpaka vipele na michubuko vipone. Jaribu kwanza kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, muda uleule ulioandikwa, kisha ngoja saa 48. Acha adapalini na asidi zote siku tatu kabla. Siku yenyewe changanya unga na maji baridi mpaka upate uji mzito usiomwagika, kwenye chombo cha plastiki, ukiwa dirishani maana harufu yake ni ya yai viza. Paka tabaka nene kwa kijiti bapa, si kwa vidole na si kwa kusugua. Washa saa ya simu. Unga wa bariamu kwa kawaida ni dakika 3 hadi 5. Krimu za thioglikoleti huchukua muda mrefu zaidi. Boksi ndilo la kufuata, na muda wa juu ulioandikwa usiuzidishe hata kama nywele chache zimebaki. Dakika ya tatu futa sehemu ndogo kwa ukingo wa kijiti. Zikitoka, toa zote. Ukihisi kuwaka kabla ya hapo, usisubiri saa. Suuza kwa maji baridi mengi, osha kwa sabuni laini, suuza tena, kwa sababu mabaki yanaendelea kufanya kazi. Paka mafuta ya mgando kidogo au losheni isiyo na manukato. Siku hiyo hakuna spiriti wala manukato ya baada ya kunyoa. Usirudie kabla ya siku 5. Usiuweke karibu na macho, midomo, puani wala sehemu za siri, na uuhifadhi mbali na watoto: bariamu salfaidi ikimezwa ni sumu.

Kwa wewe unayetakiwa kila siku, siku zile kati ya unga na unga pitisha mashine. Usijaze pengo kwa wembe.

Njia ya tatu ni kurudi kwenye wembe, nayo naitaja kwa sababu najua wapo watakaorudi tu. Tumia wembe wenye kali moja. Ule wembe wa kawaida wa pakiti ndani ya kishikio chake cha chuma ni bora kuliko wa makali matano unaouzwa ghali, kwa kuwa hauvuti nywele kabla ya kuikata. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa cha uvuguvugu dakika 5. Nywele iliyolowa hulainika na kukatwa bila kuchongoka sana. Paka povu au krimu ya kunyolea nzito uiache dakika 2 au 3. Sabuni ya kipande inakauka upesi na wembe unakwaruza.

Halafu fuata ulalo wa nywele. Watu husema "nyoa kwenda chini", na shingoni ushauri huo mara nyingi ni mbaya, maana ndevu za shingo za wengi hulala kwenda juu, au upande, au huzunguka karibu na koo. Ujue ulalo wako zikiwa na siku tatu: pitisha kipande cha pamba kavu taratibu kila upande. Upande ambao pamba inateleza ndio ulalo; upande ambao inakwama na kuacha nyuzi ndio kinyume chake. Piga picha uweke mishale, kwa sababu upande wa kushoto na wa kulia huwa haufanani. Nyoa kufuata mishale, mkwaju mfupi wa sentimita 2, bila kukandamiza, bila kuvuta ngozi, suuza wembe kila mkwaju, na usipite mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Ukibaki na kakivuli, kaache kabaki. Maliza kwa maji baridi na losheni. Badilisha wembe kila baada ya mara 3 au 4, au mara tu unapohisi unavuta.

Saluni

Mwambie kinyozi mambo matatu kabla hajawasha mashine: kichana cha nusu au namba 1, hakuna wembe wa kupiga laini shingoni, na hakuna skrabu ya chembechembe wakati vipele vipo. Ile skrabu ya saluni hukata vichwa vya vipele na kusambaza usaha shingo nzima. Mwambie pia asikunyoe kisogo chini kabisa. Vinundu vigumu vya kisogoni vinavyowasha na kukua taratibu huanza hivihivi, na vikishakuwa keloidi tiba yake ni ndefu. Vikianza, acha kunyoa hapo na uende kliniki mapema.

Kuhusu usafi, lile sanduku la mwanga wa buluu si la kutegemea. Mwanga haupiti kwenye nywele na mafuta yaliyoganda kwenye meno ya mashine. Meno yapigwe brashi, yapanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, yaachwe yakauke. Wembe usichangiwe na mtu yeyote, hata ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye kifaa kikavu kwa siku 7 au zaidi, na vipele vyako vinavyotoka damu ni mlango wazi. Ukiweza, nenda na mashine yako.

Madoa meusi

Yataondoka yenyewe vipele vikikoma, ila kwa miezi, si kwa wiki. Adapalini inayaharakisha. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 inasaidia madoa na vipele vyote viwili, paka mara mbili kwa siku kama mfuko unaruhusu. Ukisimama getini mchana, paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 shingoni. Jua huyakoza madoa upya. Usikubali krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viambato, wala mkorogo. Vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini vinapatikana sokoni, na uso uliosafishwa hivyo huishia kuwa na weusi mbaya zaidi.

Kwa vipele vyenyewe kuna pia leza, mwanga mkali unaounguza mizizi ya nywele. Kwa ngozi nyeusi uliza kwa jina: Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwali wake hunywewa kidogo na rangi ya ngozi ya juu na kufika kwenye mzizi wa nywele. Inahitaji mara kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 6 au zaidi, zikipishana wiki 4 hadi 6, na inapunguza ndevu kwa muda mrefu, kwa hiyo asifanye anayetaka kufuga ndevu baadaye. Si rahisi kifedha. Vifaa vya mwanga vya nyumbani vinavyouzwa mtandaoni vingi havifai ngozi nyeusi kabisa, vinaunguza.

Usisubiri kama una homa, kama uvimbe umekuwa jipu au wekundu na joto vinasambaa, kama una kisukari, au kama umefuata haya kwa miezi mitatu bila nafuu. Anza kituo cha afya. Wakishindwa wakupe rufaa hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando kwa upande wako, uulizie kliniki ya ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu, na wahitimu wake wako katika hospitali nyingi za mikoa. Ulizia kama wa kwenu yupo.

Mke wako

Makwapani nywele hulala pande mbili tatu tofauti, ndiyo maana wembe hauna njia nzuri hapo. Apunguze kwa mashine ndogo au mkasi, abakize milimita chache. Akinyoa, anyoe usiku akiwa ametoka kuoga, asipake deodoranti mpaka kesho yake, na avae pamba isiyobana. Kuchomoa kwa nta si dawa ya tatizo hili. Nywele ikivunjika chini ya ngozi inarudi palepale. Benzoili ya 2.5 inafaa kwapani, azelaiki pia. Adapalini asiguse kama ana mimba au anaitafuta. Yakitokea majipu yanayojirudia kwapani na kwenye kinena, yenye matundu yanayounganika, hayo ni maradhi mengine na yanahitaji daktari. Na kama ana ndevu nene kidevuni pamoja na hedhi isiyo na mpangilio, apimwe homoni kabla ya kuhangaika na wembe.

Msimamizi wako

Usiende kumwambia una vipele. Nenda na cheti cha daktari chenye mambo manne: jina la tatizo, kwamba linasababishwa na wembe na haliambukizi, kwamba kwa wiki 4 hutanyoa, na kwamba baada ya hapo utakata kwa mashine ndevu zisizozidi milimita 1. Hicho cha mwisho ndicho kinachopita ofisini, kwa sababu kinampa kipimo cha kukukagua badala ya kumwomba afumbe macho. Kama wiki 4 zimekataliwa kabisa, ruka moja kwa moja kwenye mashine ya milimita 1 kuanzia kesho, pamoja na kitambaa cha uvuguvugu na benzoili. Kupona kutachelewa, pengine miezi miwili badala ya mmoja, lakini utapona ukiwa kazini.